Njia ya Mikaratusi: Maisha ya Jean-Bosco Muhire, 1967–2025

"Mama Gaju, hivi Baba Gaju kila Jumamosi anakwenda wapi na baiskeli, kama jioni anarudi palepale alipotokea?"

Jirani yetu Uwizeye aliniuliza hivyo mwaka tuliohamia nyumba ya juu, hapa Gatsata, akiwa ameshika beseni la nguo. Swali nikalipeleka kwa mwenyewe akiwa anakula. Akatafuna, akameza, akasema, "Mwambie, nisipoondoka nitarudije?" Uwizeye aliposikia alicheka mpaka akaliweka beseni chini. "Na wewe mwambie angekaa tu nyumbani, tayari kafika." Tangu siku hiyo wakikutana njiani hawakuamkiana kama watu wengine. Uwizeye aliuliza, "Umefika?" naye alijibu, "Bado kidogo."

Ninayeandika haya ni mke wake, Mukandekezi. Anayewasomea ni mdogo wake, Kagabo, kwa sababu mimi sauti haitanitosha. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, basi mtanivumilia.

Marehemu Jean-Bosco Muhire alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 huko Karagwe, nchini Tanzania, ambako wazazi wake walikuwa wakimbizi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Bizimana, aliyetutoka mwaka 2003, na mama Nyirahabimana, ambaye Mungu amemjalia kuwa hapa nasi leo. Mama anasema alipokuwa na miaka miwili aliingiza kidole kwenye friwili ya baiskeli ya baba yake, kile chuma cha gurudumu la nyuma kinacholia tik tik tik baiskeli ikiteremka. Ukucha ule haukuota tena vizuri. Wote aliowafundisha kutengeneza baiskeli aliwaonyesha kwanza kidole, halafu ndipo akawapa spana.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Karagwe kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Alifaulu, lakini nafasi ya sekondari kwa mtoto wa mkimbizi haikupatikana. Hakupenda kulizungumza hilo. Alikaa na baba yake, akajifunza kuziba pancha, kunyoosha rimu na kusuka spoku, na kitabu chake cha jiografia cha darasa la saba alikitunza mpaka siku yake ya mwisho. Kipo kabatini, kina alama za mafuta ya mnyororo.

Mwezi Desemba 1995 alirudi Rwanda na wazazi wake, nchi ambayo hakuwahi kuiona. Alinisimulia kwamba kilichomshangaza ni vilima. Karagwe kuna vilima pia, alisema, lakini kule unavipanda unamaliza. Huku ukimaliza kimoja unakuta kingine kimekaa kinakusubiri. Alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Gatsata, katikati ya magereji ya magari, na watu wa magari wakamwita Daktari wa Mbuzi, kwa maana kwamba madaktari wa kweli walikuwa wao. Alipokea jina hilo akaliandika mlangoni.

Tulikutana katika kwaya ya kanisa letu. Alikuwa anaimba sauti ya nne, tena vibaya, lakini hakuchelewa mazoezi hata siku moja. Tulifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 19 Julai 1997, na Mungu alitujalia watoto wawili, Gaju na Norman. Siku ya harusi alinibeba kwa baiskeli kutoka kanisani mpaka kwa wazazi wake, na pale kwenye mteremko breki ya nyuma ikakatika. Tulipofika salama ndipo akaniambia. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Ungefanya nini?" Nimelikumbuka sana jibu hilo mwaka huu.

Sasa niseme juu ya njia, kwa sababu hamtamjua marehemu bila njia yake.

Inaanzia kibandani Gatsata, inapita Karuruma mpaka Nyacyonga, halafu inaiacha barabara kubwa na kelele zake, inashika milima ya upande wa Rutongo. Huko gari ni moja moja. Inazunguka mgongoni mwa vilima, huku migomba, huku mashamba ya maharage yamepangwa kama ngazi, ukungu umelala bondeni chini yako. Inapanda kona baada ya kona hadi pale alipopaita Mikaratusi, kwa ajili ya miti iliyopo. Kutoka pale inashuka mpaka bonde la Yanze, na bonde linakurudisha mjini. Kilomita hamsini na nane. Aliipita kwanza peke yake, kila Jumamosi baada ya kazi. Kuanzia mwaka 2012 watu walianza kumfuata: vijana wa Remera na Kicukiro wenye baiskeli za magurudumu membamba, wageni wa nchi za nje, mwalimu mmoja mstaafu. Ikawa kazi yake, kuwaongoza.

Alikuwa na taratibu mbili. Ya kwanza, yeye aliendesha nyuma kabisa, si mbele. Pale Mikaratusi wote walisimama wakangoja, na aliyefika mapema hakuruhusiwa kuteremka mpaka wa mwisho atokeze kwenye kona. Wenye mbio walinung'unika. "Muzee, tunapoa," walisema. Yeye aliwapa ndizi.

Ya pili ilikuwa mawe. Ili walio mbele wasipotee, alipaka chokaa mawe ya kando ya barabara. Jiwe moja jeupe maana yake nenda moja kwa moja. Mawili, kata kushoto. Matatu, punguza gia, mlima unakuja. Watoto wa kule walijua kuyasoma kuliko wageni. Mvua ikiyafuta aliyapaka tena.

Mwezi Mei 2024 alianza kuchoka. Alipanda ngazi za nyumbani kwetu, ambazo ni mia moja na kumi na mbili, akakaa chini kwenye ya sitini. Hospitalini walimpima wakatuambia moyo umepanuka na hauna nguvu ya kusukuma damu. Daktari, kijana mpole, alisema, "Muzee, kuanzia leo usipande mlima wowote." Marehemu alimtazama akamuuliza, "Mwanangu, wewe unaishi Kigali hii hii?" Daktari alicheka, mimi sikucheka.

Alimwachia Benon kuongoza. Benon alilelewa Uganda, walifanya kazi pamoja miaka kumi na nane na hawakuacha kutaniana. "Benon anaongoza kama anakimbizwa," alisema. Baiskeli tuliiweka sebuleni, imepinduliwa miguu juu. Jumamosi saa tatu asubuhi, wenzake wakiwa njiani, alikaa kitini akazungusha gurudumu kwa mkono akasikiliza ile friwili. Alikuwa ananiambia, "Sasa wako Nyacyonga." Halafu, "Sasa wanapanda." Na mimi nilikuwa jikoni na maharage yangu, namwomba Mungu ampe moyo mwingine au amwondolee ile hamu. Hakumpa, wala hakumwondolea. Sijui kwa nini, na sitaki kujifanya najua.

Jumamosi tarehe 25 Oktoba 2025 ilikuwa siku ya umuganda, wananchi wote wametoka kwenye kazi ya pamoja. Mchana simu ikaita. Alikuwa Audace, mkuu wa mudugudu, kijiji kimoja huko juu karibu na Mikaratusi. Nilisikia kila kitu kwa sababu marehemu aliweka sauti kubwa.

"Muzee, leo tumekusaidia," Audace alisema. "Tulijua unaumwa. Tumekuta umepaka mawe machache machache, hukumaliza. Basi umuganda wote tumepaka. Kilomita tatu, pande zote mbili, hakuna jiwe hata moja tuliloacha. Ukipita utafurahi."

Marehemu akasema, "Mungu awabariki sana. Mmefanya kazi kubwa."

Alipoiweka simu nikamwambia, "Baba Gaju, mbona hukuwaeleza maana ya mawe?" Akasema, "Watu wameinama tangu asubuhi kwa ajili yangu. Niwaambie nini?" Akampigia Benon, akamwagiza kwamba Jumamosi inayofuata asitegemee mawe, asimame mwenyewe kwenye kila kona.

Benon alisimama kona ya kwanza, akasimama ya pili. Kabla ya ile ya tatu mtu akapata pancha, akabaki kumsaidia. Hilo simlaumu, nami naomba mtu yeyote asimlaumu. Saa tano na nusu ya tarehe 1 Novemba alitupigia kutoka Mikaratusi. "Muzee, tumeondoka tisa, tuko wanane. Ingabire hayupo. Simu yake haipatikani."

Ingabire ni binti wa Kicukiro. Ilikuwa mara yake ya kwanza njia ile.

Marehemu alisimama akaipindua baiskeli ikakaa sawa. Nilishika kiti cha nyuma. Nilimwambia achukue pikipiki. Akasema mtu wa pikipiki hasikii mwenzake akiita.

"Baba Gaju, daktari alisemaje?"

"Alisema nisipande mlima."

"Na huko ni nini?"

"Huko ni Ingabire."

Nilikuwa nimekishika kile kiti kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda, ningeweza kumzuia, hata Uwizeye alikuwa mlangoni angenisaidia. Lakini hakuvuta. Alisimama tu akanisubiri. Nikaachia. Mpaka leo mikono yangu inaniuliza, na nimemweleza mchungaji, na mchungaji amesema vizuri, lakini mikono bado inauliza.

Alipanda mpaka kule akakuta barabara yote nyeupe, kila jiwe. Aliniambia ilikuwa kama mtu mwingine ameingia nyumbani kwake akahamisha vyombo. Yeye mwenyewe, aliyeitengeneza njia ile, alikosea kona ya tatu, ikambidi arudi na kuupanda ule mlima tena. Alikwenda akiita. Saa nane na dakika ishirini alimkuta Ingabire kwenye ua wa mama mmoja, bondeni upande wa migodi, ameketi juu ya mkeka anamenya maharage na kula viazi. Hakujua kama anatafutwa. Alimtazama mtu huyu aliyelowa jasho akamuuliza, "Wewe ndiye muzee wa mawe? Mawe yako yamenichanganya." Marehemu akakaa naye, akapewa kiazi. Walirudi wote kwa gari la mzigo, na njia nzima, Ingabire anasema, alikuwa anamwonyesha vilima kwa majina.

Jumatatu hakuamka kitandani. Tulimpeleka hospitali tarehe 3 Novemba, akakaa huko siku ishirini na tisa. Walimtoa maji mapafuni, yakarudi, wakayatoa, yakarudi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpepea na kusoma Zaburi, na ile pumzi yake niliihesabu mpaka nikaona ninajisumbua. Gaju aliirekodi friwili kwenye simu akamletea. Aliisikiliza amefumba macho.

Audace alikuja kumwona. Alikuwa amekwisha kusikia. Alisimama mlangoni na kofia mkononi hakuweza kuingia, mpaka marehemu akamwita.

"Muzee, sisi tulidhani tunamalizia," Audace alisema. "Kesho nawatoa watu wote, tunayafuta."

"Msifute," marehemu alisema. "Barabara imependeza. Mimi sikuwahi kuwa na chokaa ya kutosha."

Uwizeye naye alikuja Jumapili tarehe 30 Novemba. Alijaribu kuuliza swali lao la siku zote, sauti ikamkatika. Marehemu akamjibu hivyohivyo. "Bado kidogo." Akafariki Jumanne tarehe 2 Desemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Nilikuwa nimemshika mkono wenye kile kidole.

Ameacha mama yake, Nyirahabimana, mke, Mukandekezi, watoto, Gaju na Norman, wajukuu wawili, ndugu watano, Benon, ambaye kwake alikuwa kaka, watu wa kwaya, na watu wa Jumamosi, waliokuja leo na baiskeli zao. Tunamshukuru Audace na wananchi wake waliotupa nafasi ya kumzika kwenye makaburi ya kule kwao, chini kidogo ya Mikaratusi, na waliochimba kaburi tangu jana bila kuombwa. Ingabire atabeba msalaba.

Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Namwomba Mungu ampe lile pumziko ambalo daktari alimwagiza nasi tukashindwa kumpatia.

Leo tunampeleka kwa njia yake mwenyewe. Gari litakwenda taratibu, baiskeli nyuma yake, na mama yetu mwenye miaka themanini na sita amekataa gari kwenye ule mlima wa mwisho, anasema atatembea. Atachelewa, na jua litakuwa kali. Naomba mtu yeyote asimharakishe. Siku tatu kabla ya kufariki, marehemu aliniita karibu akaniagiza maneno haya, akanitaka niyaseme kama yalivyo:

"Mkifika Mikaratusi, simameni. Asishuke mtu mpaka wa mwisho afike."