Historia ya Mzee Mshale, Mweka Vibao vya Barabarani

Wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu mliokuja na makoti yenu ya kung'aa, na ninyi mliosimama kwa kukosa viti, poleni na asanteni kwa kuja. Anayewasomea karatasi hizi ni mdogo wake marehemu, yule wa kike anayemfuata, fundi cherehani wa pale barabara inapochimbwa, ambaye familia imemteua kwa sababu eti ana sauti na hana machozi ya karibu, jambo ambalo si kweli, lakini wakubwa wakishasema limekwisha. Ameambiwa asome kilichoandikwa, asitie chumvi, na amalize kabla jua halijawa kali. Karatasi ni tatu, na katika ile ya tatu kuna mstari mmoja unaohusu mtu aliyekaa hapa leo, mstari ambao msomaji ameusoma tangu alfajiri asijue kama mdomo wake utaweza kuutamka, lakini tuanze mwanzo, mambo ni hatua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba yetu, mchoma matofali, na mama yetu, muuza maziwa. Tunasema 1964 lakini cheti kinasema 1963, shangazi yetu anaapa ni 1965, na mama mwenyewe alikuwa akisema ni mwaka ule ukuta wa kiwanda ulipoanguka, ambao hakuna aliye hai anayejua ulikuwa mwaka gani, basi juzi familia ikakaa, ikabishana mpaka chai ikapoa, ikachagua wa katikati. Mtatusamehe, tangu msiba huu utufike hata vitu tunavyovijua vimetuchanganya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, shule iliyo nyuma ya ghala la nafaka, akamaliza mwaka 1977, na walimu wake waliandika kwamba hesabu zake ni za wastani, mwandiko wake ni wa kuku, lakini anaweza kuchora mstari ulionyooka bila rula. Kwa ajili ya mstari huo baba alimpeleka chuo cha ufundi, akasomea uchoraji wa mabango na upakaji rangi kuanzia Januari 1979 hadi Novemba 1980, akarudi na cheti, brashi tatu, na tabia ya kusahihisha mabango ya maduka ya watu bila kuombwa, tabia iliyomletea ugomvi na kinyozi mmoja mpaka wakapatanishwa.

Tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa na kampuni ya ujenzi wa barabara kama mpaka rangi, akipaka mawe ya kingo na mistari ya katikati, kazi ambayo mwenyewe alisema ni ya kutembea kinyumenyume ukilipwa. Hakujali vibao wala maonyo wakati huo, alikuwa kijana kama vijana wengine. Lakini tarehe 11 Juni 1991, asubuhi, mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa akiwahi kazini kwa baiskeli alitumbukia katika shimo ambalo kampuni ilikuwa imelichimba jana yake na kulizungushia kamba moja tu, tena kamba ya rangi ya udongo, na marehemu ndiye aliyeshuka kumtoa, madaftari ya wanafunzi yakielea majini. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, na matope yake miguuni, akaomba aondolewe kwenye rangi apewe vibao, na tangu siku hiyo hadi mwisho wake, miaka thelathini na miwili, hakufanya kazi nyingine. Mwalimu yule naye alipona mkono uliovunjika shimoni humo, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, naye ndiye huyu wifi yetu mnayemwona hapa mbele, na marehemu hakuchoka kusema kwamba wengine hutafutiwa wachumba na ndugu, yeye wake alimwokota shimoni.

Katika ndoa yao walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, aliyezaliwa 3 Mei 1994, muuguzi, wa pili mvulana, 20 Agosti 1997, dereva wa lori, na kitinda mimba wetu, 9 Januari 2004, ambaye bado anasoma. Wote watatu walifundishwa kuendesha baiskeli na baba yao, na wote watatu walichelewa kujua, kwa sababu kila walipokaribia kona aliwasimamisha na kuwauliza wanaona nini, wanasikia nini, na kama wangekuwa bibi mwenye mzigo kichwani wangepita wapi.

Kuhusu kazi yake inafaa msomaji aeleze vizuri, kwani huko mbele mtaihitaji. Kila asubuhi, kabla wachimbaji hawajafika, marehemu aliipita sehemu yote inayojengwa mara tatu, mara ya kwanza kwa baiskeli, mara ya pili kwa miguu akiwa na kikapu kizito mkononi, na mara ya tatu akiwa ameinamisha kichwa kama mtu mwenye mawazo, kwa sababu alisema anayetumbukia si mpumbavu, ni mtu anayemfikiria mgonjwa wake. Alikuwa mkali juu ya magari yanayomwaga kokoto kwenye njia ya baiskeli, juu ya mabati yanayoachwa yametokeza ncha usawa wa jicho la mtoto, juu ya vibao vinavyowekwa katikati ya njia ya miguu ili kumwonya dereva, vikimsukuma mwenye miguu aende kugongwa. Kwake, kibao ni ahadi. Sheria yake ilikuwa moja, fuata mshale, usifuate mazoea, na aliifuata yeye mwenyewe mpaka watu wakamcheka, maana hata pale alipojua njia ya mkato, hata mvua ikinyesha, alizunguka kule mshale ulikoelekea, akisema asiyetii mshale wake hana haki ya kumwelekeza mwenzake. Hapo ndipo alipopata jina la Mzee Mshale, na alilipenda.

Sasa karatasi ya tatu. Marehemu hakuwa mtu wa kuugua, ila goti, na Jumatatu tarehe 16 Oktoba 2023 aliomba ruhusa ya siku moja akaangaliwe goti hilo, akamwachia kazi mwenzake aliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, mshika bendera wa kusimamisha magari, yule tunayemwita Mama Bendera. Asubuhi hiyo Mama Bendera aliuelekeza mshale kulia, watu na baiskeli wapite kwenye baraza la maduka, kwa kuwa kushoto kulikuwa na mtaro wa mabomba uliofunikwa kwa mbao, na mbao hizo zilitakiwa mahali pengine jioni. Saa kumi na moja wachimbaji wakaziondoa. Usiku ikanyesha, mtaro ukajaa pomoni, maji ya rangi ileile ya barabara, na Jumanne tarehe 17, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, marehemu alikuja kwa baiskeli yake kama kawaida, akautazama mshale, akaufuata, akaingia mtaroni na kupiga kichwa kwenye bomba. Alilazwa hospitali siku tatu bila kufumbua macho, akafariki Ijumaa tarehe 20, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Hapa ndipo tulipochanganyikiwa sote. Wachimbaji wanaapa mshale ulielekea kulia, wao waliuona Jumatatu saa tatu asubuhi. Mlinzi wa usiku wa kampuni anaapa alipowasha tochi yake ulielekea kushoto. Mama Bendera anaapa hakuugusa tena, na hana shahidi. Kibao kile kina miguu ya chuma, upepo hauwezi, ng'ombe hakuna. Kampuni ikaandika barua, ikamsimamisha kazi Mama Bendera, na wazee wetu wakaiamini barua, na mstari ambao msomaji amepewa asome, aliouandika mjomba kwa wino mwekundu, unasema marehemu alifikwa na mauti kutokana na uzembe wa mshika bendera. Mama Bendera yuko hapa, amekaa kule nyuma karibu na geti, hakuna aliyempa maji.

Msomaji hatausoma mstari huo kama ulivyo. Mjomba, niwie radhi, nimekaa na jambo hili siku saba, na sasa sijui tena kusema msomaji, nitasema mimi. Jumatatu ile, mlangoni kwangu pale kwenye baraza la maduka, nilikuwa nimetundika sare nyeupe za wauguzi, kumi na mbili, za kukabidhi kesho yake, na tangu asubuhi baiskeli zilikuwa zinapita barazani zikirusha matope, nikafoka, nikachoka kufoka, na saa kumi alasiri nikatoka na mikono yangu miwili nikaugeuza mshale kushoto. Nilizitazama mbao, zilikuwepo, nikazikanyaga hata, nikajiambia saa moja tu, sare zikauke, nitaurudisha. Nikaingia ndani nikakaa kwenye cherehani, nikashona mpaka giza, nikatokea mlango wa nyuma kama ninavyotoka kila siku, na nikasahau, jamani, nikasahau kama mtu anavyosahau funguo. Hospitali nilikaa kando ya kitanda chake na sikusema. Nilijidanganya labda kuna mtu aliurudisha, labda mwingine akaugeuza tena, labda hakuutazama kabisa, nikavuruga akili yangu kwa makusudi ili nisielewe, na kaka yangu alikuwa mtu mmoja tu katika mji huu ambaye mshale ungempeleka majini, kwa sababu wengine wote wangepita walikozoea.

Wifi, watoto wangu, shangazi yenu ndiye aliyefanya hivyo. Nimeandika maelezo, yako mfukoni, tukitoka makaburini nitayapeleka kituoni, na nakala nitaipeleka ofisi ya kampuni, nao pia wajibu ni nani aliyeacha mtaro wazi bila uzio hata wa kamba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku tatu, majirani mlioleta viti, maji na mabega yenu, na wafanyakazi wenzake, na kwa namna ya pekee inamshukuru Mama Bendera, aliyefanya kazi yake sawasawa siku ile, na tunamwomba, kama miguu yake itakubali, aje akae huku mbele na wafiwa, na kama haitakubali tutaelewa.

Kaka, leo alfajiri niliipita njia yako mara tatu, kwa baiskeli ya kuazima, kwa miguu na kikapu, na mara ya tatu sikuhitaji kujifanya mwenye mawazo. Mshale umerudi kulia, unapita mlangoni kwangu, na matope yaingie. Pumzika kwa amani.