Shingo Waliyoisifu

Sifa kwa Bwana anayewaamsha waliolala! Ndugu zangu, semeni Amina kwa nguvu, maana mimi nililala mchana kweupe wakati ninyi mnalima.

Nilizaliwa milimani juu ya Butembo, na shingo yangu ilikuwa imevimba. Kwetu uvimbe ule uliitwa uzuri. Mama mkwe alinichagua kwa ajili ya shingo hiyo. Alisema shingo iliyojaa huleta tumbo litakalojaa, akaongeza mbuzi juu ya mahari. Nami niliamini! Nilitembea nimeinua kidevu.

Kisha usingizi ukaja, taratibu, kama ukungu wa asubuhi juu ya mto Kimemi. Nilishika jembe huku ninaota. Sauti za watu zilinifikia kutoka mbali. Jua linawaka, mimi nimejifunika blanketi! Na mimba haikuja. Wengine waliniita mvivu, wengine walisema nimerogwa. Mama mkwe akaanza kutaja mbuzi zake: zirudi, nami nirudi kwa baba. Nililia sana, maana nilimpenda mume wangu, dereva wa lori la kwenda Kasindi, mpakani.

Masera mmoja, mtawa muuguzi wa dispanseri, alinigusa shingo. Akanieleza kwamba tezi iliyomo humo ndiyo inayochochea moto wa mwili, na yangu imechoka, moto umefifia. Si uchawi, si uvivu. Akanipa vidonge, nimeze kila asubuhi. Polepole ukungu ukapasuka. Nikasikia ndege tena, ndugu zangu! Lakini shingo nayo ikaanza kupungua, na mama mkwe akashikwa na hofu.

"Ile dawa inakula tumbo yako! Acha, ao urudi kwenu."

Kabla sijamjibu, waasi waliingia mjini. Mume wangu alikwama Kasindi. Mimi na mama mkwe tulikimbilia porini, njia ya Beni, na vidonge vikabaki nyumbani. Yeye alifurahi. Wiki zikapita, uso ukavimba, sauti ikawa nzito, na usingizi ukanirudia kwa hasira. Niliota ninashuka ndani ya ziwa la maziwa ya uvuguvugu, na nilitaka kubaki humo. Ndugu zangu, nilikuwa ninakufa na kifo kilikuwa kitamu!

Mama mkwe aliniita, sikuitika. Waliokuwa nasi walinisimulia baadaye jinsi alivyokaza kitenge kiunoni, akalia mbele yao wote.

"Mungu, nilitaka shingo. Sasa ninataka mutu."

Akarudi mjini peke yake, kwenye bunduki.

Ninachokumbuka ni mkono wenye matope, na kidonge juu ya ulimi wangu. "Meza, mutoto yangu." Alisema hivyo kila asubuhi mpaka nikafumbua macho. Habari ya tumbo hakuiuliza tena, na mbuzi hakuzitaja. Mtoto alikuja baadaye, kwa wakati wa Bwana.

Asante, Yesu! Wako wanaosema kwamba kumeza dawa kila siku ni kukosa imani. Mimi ninameza, kisha ninaimba. Mwenye kuona dhambi hapo aniombee.

Ila leo ninawaona mabinti kwenye mabenchi haya, shingo zimejaa, na mama zao wanatabasamu. Mama, mtegemee Bwana, na umpende binti yako kuliko shingo yake. Kesho asubuhi ninapanda kwenda dispanseri. Mlete, hata akija anasinzia nitamshika mkono.