Gaudensia Nikolausi Bura, Aliyeivisha Majina ya Watu (1979–2025)

Ndugu, majirani na wateja wake mliofika hapa Endagikot, leo tunamsema Gaudensia. Atakayecheka asiombe radhi, maana yeye mwenyewe angetangulia kucheka.

Gaudensia alizaliwa Bashay tarehe 12 Machi 1979, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nikolausi Bura na Mama Philomena, wakulima wa vitunguu saumu. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari Mbulu mjini hadi 1997. Wenzake wanamkumbuka kwa kuwapakia rangi ramani zao bila kuombwa, na walimu wanamkumbuka kwa hilohilo.

Mwaka 2003 alisomea kompyuta Arusha, na 2006 akafungua steshenari yake Mbulu mjini. Humo ndimo alimojifunza mwenyewe kuingiza rangi ndani ya maandishi: herufi za mwanzo kijani, za katikati njano, za mwisho nyekundu, na usione kabisa mahali rangi moja inapoipisha nyingine. Aliita kazi hiyo kuivisha jina, kwa sababu nyanya ndivyo inavyoiva. Watu wakaipenda hiyo! Walikuja na pikipiki kutoka mbali kama Gehandu kutafuta kadi za harusi. "Mama, niivishie vizuri," walisema, "na mchumba wangu pia, asije akanuna."

Alifunga ndoa na Maximilian Tluway tarehe 20 Septemba 2008. Kadi alitengeneza mwenyewe, nani mwingine? Kwenye kompyuta jina la bwana harusi lilianza bluu likaishia jeupe, juu ya rangi nyeusi, likapendeza kweli. Kisha akalichapa kwenye karatasi nyeupe, bila ile rangi nyeusi. Jamani! Nusu ya Maximilian haikuonekana. Shemeji yake, Mzee Baltazar, aliigeuza kadi huku na huku akauliza, "Huyu mdogo wangu anaoa au anayeyuka?" Gaudensia alicheka mpaka akakaa chini, halafu akazichapa zote upya.

Jambo moja lilimuuma. Kwa harusi, ubatizo na kipaimara watu walitaka rangi, ila msibani walikataa. Baba yake alipofariki mwaka 2016, Gaudensia aliomba jina la marehemu lipambwe, na wazee wakakataa. Mzee Baltazar naye akasema, "Msiba ni wino mweusi, shemeji." Alitii, akachapa huku analia. "Baba alikuwa mtu wa furaha," alisema. "Mbona tunamwandika kama tangazo la mnada?"

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa, akapata nafuu, ikarudi. Alipopata nguvu kidogo alikaa kwenye kompyuta akatengeneza jalada la ratiba ya mazishi yake. Alimwambia binti yake, Letisia, "Mniandike nimeiva. Msinifunike na wino mweusi, nawaombeni sana." Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, Letisia na Alfredi, mama yake mzazi, kaka na dada zake, na sisi wote tuliompenda.

Mzee Baltazar ndiye mkubwa wa familia, na neno la mwisho lilikuwa lake. Juzi Letisia alimpelekea kompyuta yenye jalada lile.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshasema, wino uwe mweusi."

"Sawa, baba mkubwa. Lakini mama aliacha wazi tarehe ya kufariki. Alisema uiandike wewe."

Mzee alivaa miwani, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Kumbe Gaudensia alishaitegea rangi nafasi ile. Kila mzee alipobonyeza, rangi zilijisogeza zenyewe: kijani ikabaki mwanzoni, njano ikajivuta katikati, nyekundu ikaifuata namba mpya hadi ya mwisho. Mzee akaondoa kidole. Machozi yakamtoka mbele ya mtoto, wala hakuyafuta.

"Alinisubiri," akasema. "Chapeni hivyohivyo."

Bwana ampe Gaudensia pumziko jema na amani isiyoisha.