Mzee Kioo na Mkono wa Noti ya Kijani

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na sita ya kuinamia chuma, mchongaji mkuu wa kiwanda chetu cha kuchapa noti anastaafu. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine tunamwita Mzee Kioo. Kazi ya kumwandika nimepewa mimi wa mashine namba mbili, kwa kuwa ndimi mwenye kalamu tamu kuliko wote humu ndani. Mimi na shule tuliachana mapema, lakini kwa amani, na anayebisha aandike yake.

Kwa wasioijua kazi yetu: picha ya noti huchongwa kwenye bamba la chuma ikiwa imegeuzwa, kushoto kuwa kulia, ili ikichapwa ikae sawa. Ndiyo maana mezani kwake hapakosi kioo, na ndiyo asili ya jina. Ugeuzaji huo umemwingia mpaka kwenye mifupa. Muulize njia, akikwambia kata kushoto, wewe kata kulia. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu alimwamini, akaishia stoo ya matambara, na akakaa humo kwa adabu zote akisubiri kikao kianze.

Kila picha ya noti hupita kwanza kwa kamati ya picha, na kamati ina macho yake. Ng'ombe wa noti ya kahawia alirudishwa kwa sababu mbavu zilionekana, wakasema taifa litadhaniwa lina njaa. Mzee akamnenepesha. Akarudishwa tena, eti sasa ni kiboko mwenye pembe. Ng'ombe mnayemwona leo ni wa tatu, na Mzee husema yule wa kwanza ndiye aliyekuwa ng'ombe.

Lakini tukimkumbuka, tutamkumbuka kwa noti ya kijani, yenye mikono ya mwanamke anayesuka kikapu. Uso haupo. Mikono ile ni ya mkewe, ambaye sote tulimwita Shangazi. Alimchora jikoni kwao, kikapu kikiwa mapajani, naye akilalamika, "Wewe chora tu, mboga zikiungua utakula hiyo karatasi." Shangazi alisukia mkono wa kushoto, na Mzee akachora alichokiona.

Kamati ikasema hapana, mwanamke wa kwenye noti atumie mkono wa kulia kama watu. Mzee akachora upya, akaugeuza. Siku ya kuchonga, akadhani ule ugeuzaji ndio wa bamba, akaihamisha picha vilevile ilivyo. Ikachapwa, mkono ukarudi kushoto. Wazee wa ukumbi wa mashine wanasimulia kwamba wanakamati waliizunguka karatasi ya kwanza, kila mtu akisuka kikapu cha hewani ajue mkono upi ni upi, mpaka mwenyekiti wa enzi hizo akachoka, akasaini. Mzee anasema mpaka leo lilikuwa kosa. Akisema hivyo huvua miwani na kuifuta, hata kama ni safi.

Basi mikono ya Shangazi ikaingia mitaani. Alikuwa na meza ya vikapu sokoni, na mteja akimpa noti ya kijani iliyokunjwa, alimwambia, "Taratibu baba, hivyo vidole vyangu." Wateja walicheka wakidhani ni mzaha wa biashara. Mzee naye dukani hatoi noti kabla hajainyoosha na kuikagua, kama mama anayekagua masikio ya mtoto. Tumepanga foleni nyuma yake mara nyingi, na nilimsema sana. Siku hizi nanyoosha za kwangu.

Shangazi alitutoka mwaka juzi. Mwaka huu ikaja amri ya noti mpya: ya kijani itakuwa na daraja, na za zamani zirudi kukatwakatwa. Daraja akapewa Mzee, likiwa bamba lake la mwisho. Alilichonga vizuri, hata misumari yake utaihesabu. Ila magunia ya noti za zamani yalipoanza kuingia, aliacha kupita korido ya mashine ya kukata. Alizungukia uani, hata siku za mvua, na koti lake lile lenye kiwiko cha kiraka likawa linanuka unyevu chumba kizima. Hakuna aliyemtania, hata mimi.

Kikao cha mwisho cha kamati kilibakiwa na kuamua alama ya maji tu, ile picha inayotokea ukiinua noti kwenye mwanga. Lilipendekezwa ua. Mzee, ambaye miaka yote aliitwa vikaoni kujibu, si kuomba, akasimama. "Naomba uwe mkono wa msukaji."

Mama mwenyekiti wa sasa akamtazama. "Mkono upi, Mzee wangu?"

"Wa kushoto," akasema, na akanyoosha wa kulia.

Karani akauliza aandike upi, mwenyekiti akamjibu, "Andika wa yule mama wa kikapu."

Karatasi mpya zimefika, na nimezichapa mimi mwenyewe, kwa hiyo msisikilize habari za watu wa mashine namba moja. Niliinua moja dirishani nikamwita. Upande wa mbele mkono ni wa kushoto. Akaigeuza, ukawa wa kulia. Akaigeuza tena, na tena, kisha akasema safari hii kamati ichague yenyewe.

Mzee Kioo, kiwanda kinakushukuru, na kijana wako wa mashine namba mbili anakushukuru zaidi ya kiwanda. Nenda ukapumzike, ukaishi vizuri na kwa afya. Getini ukate kulia. Maana yake, kwako wewe ni kushoto. Na popote utakaponunua chochote, inyanyue noti kwanza kwenye mwanga. Foleni itasubiri.