Dakta Adventina Burito wa Nyegina na Somo la Wiki ya Nne

Tunayemlaza leo hapa Kigera ni Dakta Adventina Burito, aliyezaliwa Nyegina tarehe 9 Agosti 1969, mtoto wa tatu wa Mzee Burito Kwangu, mvuvi, na Mama Gaudensia. Akiwa na miaka saba aliona samaki aina ya furu kwenye mtumbwi wa baba yake akitema watoto hai kutoka mdomoni. Alilia, akawakusanya kwenye sufuria, akawarudisha ziwani. Mwezi mzima alikataa samaki, mama yake akawa anampikia mlenda peke yake.

Alisoma shule ya msingi Nyegina, sekondari mjini Musoma, na mwaka 1991 akaingia chuo kikuu kusomea shahada ya kwanza ya biolojia. Botania, zoolojia, jenetiki, zote alizipita vizuri. Mwaka wa tatu alifanya utafiti juu ya furu wa kwao; miezi mitano alihesabu samaki kwenye mawe ya Nyegina, baba yake akipiga kasia. Daftari zote alimkabidhi msimamizi wake, Dakta Nicolaus Masirori. Matokeo yalipotoka, Juni 1994, mbele ya jina lake palikuwa na sifuri ya utafiti. Dakta Nicolaus alisema hajawahi kuziona daftari hizo. Adventina akarudi nyumbani bila shahada. Mzee Burito alifariki mwaka 1996 akiamini binti yake alishindwa chuo. Alikuwa ameshaacha hata kumtaja mbele ya wavuvi wenzake mwaloni.

Tarehe 20 Novemba 1999 Adventina alifunga ndoa na Mwalimu Felisian huko Bunda, ambako yeye Adventina alikuwa akifundisha biolojia kwa mkataba. Mwaka uliofuata akakutana na makala ya Dakta Nicolaus kuhusu furu. Jedwali lilikuwa lake, namba kwa namba. Kituo cha nne kiliandikwa Jiwe la Wankyo, jina lisilokuwa kwenye ramani yoyote. Alikata ukurasa ule, akauweka ndani ya Biblia, na hakumwonyesha mtu ila mumewe. Felisian akamwambia aanze chuo upya. Alianza mwaka 2002, mama wa mtoto mmoja, akisoma na vijana waliomwita shangazi. Shahada aliipata 2005, na udaktari 2014.

Aliajiriwa na chuo kikuu hapa mkoani, akakabidhiwa usimamizi wa kozi zote za shahada ya kwanza ya biolojia. Machi 2019 kikao cha kupitisha kozi hizo kilikaa Butiama, na mtahini wa nje aliyealikwa alikuwa Nicolaus, sasa profesa. Kitabu chake kilipendekezwa kiwe cha lazima kwenye Ekolojia ya Maziwa. Adventina alimwacha amalize kukieleza, kisha akasimama.

"Profesa, Wankyo ni nani?"

Alijibu kwamba alikuwa chifu wa zamani wa eneo lile.

"Wankyo ni bibi yangu," Adventina alisema. "Alikuwaga anafulia hapo."

Akaweka ule ukurasa mezani. Chuo cha Nicolaus kilichunguza. Makala ikafutwa, na uprofesa ukaondoka. Adventina hakuridhika. Kwenye Maadili ya Utafiti, kozi ya lazima kwa mwaka wa kwanza, wiki ya nne ikawa habari hiyo, pamoja na jina kamili la mhusika. Waliomshauri asamehe walikuwa wengi, na baadhi yao wamekaa hapa. Aliwasikiliza, akawapa chai, wakaondoka.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Mwanza. Oktoba, Mzee Nicolaus alikuja hapa nyumbani. Mjukuu wake Recho alikuwa amechaguliwa kusoma biolojia chuoni kwetu. Mzee aliomba msamaha, na aliomba jina lake litolewe kabla binti hajafika wiki ya nne.

"Baba yangu yuko Nyegina, kaburini," Adventina alimjibu. "Alikufa akijua mtoto wake ni mjinga. Kamwombe yeye kwanza. Na mjukuu wako akifaulu nitampa alama zake zote."

Somo hilo alilifundisha mwenyewe, akiegemea fimbo. Ndilo lilikuwa la mwisho. Aliporudi alimweleza Felisian kwamba Recho aliandika kila neno bila kuinua uso, na kwamba yeye hakupata ile raha aliyoingoja. Lakini jina hakulitoa. Recho alipata A.

Alituaga tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Felisian.

Ameacha mume, watoto wawili, Boke na Samwel, mdogo wake Stanslaus anayesoma wasifu huu, na wanafunzi wasiohesabika. Mzee Nicolaus yupo nasi, ameleta shada la maua. Marehemu aliagiza kwamba akija asizuiwe, na atakacholeta kisiwekwe kaburini kwake. Gari liko tayari, Mzee. Shada utalipeleka mwenyewe Nyegina, kwa Mzee Burito.

Dada, kazi umemaliza. Pumzika kwa amani.