Kiatu Kimoja, Fundi Aliyewapeleka Wapiganaji Ukutani

Ndugu, jamaa na majirani, dada tunayemsindikiza leo, fundi viatu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kiatu Kimoja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watatu, katika chumba cha nyuma ya kiwanda cha ngozi alikofanya kazi mama.

Aliingia darasa la kwanza Januari 1968, na Juni mwaka huohuo baba akarudi kutoka vitani, mguu wa kulia ameuacha huko na nusu ya akili hukohuko, kwani sufuria ikianguka tu alimkaba aliye karibu, na tarehe 2 Septemba alimvunja mama taya mbele yetu. Marehemu, mtoto wa miaka saba, alipiga kelele, "Mguu pande!", amri ya gwaride ya kumlegeza askari, na baba, asiye na mguu wa kuuweka pande, akamwachia mama, akacheka, kisha akalia. Tangu siku hiyo sisi wadogo zake tulipata usingizi kwa sababu yake.

Alimaliza la saba mwaka 1974, akajifunza ushonaji viatu, akafungua kibanda tarehe 9 Mei 1980, akaolewa na dereva wa basi tarehe 17 Desemba 1983, wakajaliwa binti mmoja. Baba alifariki mwaka 1991 bila kuuona ukuta wenye majina ya wenzake waliouawa, jambo lililomkaa marehemu rohoni, hivyo kila mwaka akawakusanya wapiganaji wazee na kuwapeleka ukutani kwa basi, mumewe akiendesha, naye akiwagawia jozi moja ya viatu watu wawili, aliyekatwa mguu wa kulia na aliyekatwa wa kushoto, na kuwatania wasigombane njiani maana kiatu cha akiba hakuna.

Tarehe 6 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, wakiwa njiani kwenda ukutani, tairi lilipasuka kwa kishindo, na Koplo, mmoja wa wapiganaji hao, mzee wa miaka sabini na tisa, akamwona adui, akamwangusha marehemu kwenye ngazi za basi, akampiga mkongojo wa kichwa mara tatu, damu ikatapakaa vitini, mpaka marehemu aliposema kwa sauti ya kawaida tu, "Mguu pande, Koplo." Mkongojo ukaanguka. Marehemu alifungwa kitambaa kichwani, akakataa katakata kurudishwa kabla Koplo hajagusa majina ya wenzake, na hukohuko ukutani akaanguka.

Wodini binti yake aliapa kumpeleka Koplo polisi, naye akamjibu, "Acha, mwanangu. Yeye alikuwa anampiga adui wa vitani, wa mwaka sitini na saba, mimi nilisimama njiani tu. Asipokuja kunizika, hamjanizika." Alifariki tarehe 10 Oktoba, saa moja asubuhi, kwa damu kuvujia ubongoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku nne, majirani mliolala nasi, na mafundi wenzake mliofunga vibanda. Binti mwenyewe alimfuata Koplo kwake asubuhi hii, na mzee ndiye huyo mstari wa mbele, amevaa kiatu alichoshonewa na marehemu, na ameomba kusema neno moja tu kabla ya udongo.

Dada, umesimama vya kutosha, pumzika. Koplo, amri ni yako.