Koki ya Nyumba Namba Nne

Ifikapo tarehe 30 Juni 2015, Fundi Melkiadi atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili akihudumia mabomba ya nyumba za watumishi hapa Kibondo. Nyumba zenyewe zimechakaa kuliko yeye, na maji bado yanatoka. Hongera kwa kustaafu, mzee wetu!

Wengi wetu tuliletwa huku na barua za uhamisho. Mtu wa kwanza kutupigia hodi alikuwa yeye, spana begani, na salamu yake ya Kiha, "mwakeye". Kabla hujaitikia ameshaingia chini ya sinki. Kwake hakuna koki ya kutupa. Koki kuukuu alizisafisha, akazibadilisha mipira na kuzihifadhi katika kreti la soda. Viungo vya bomba alivifunga kwa katani, akidai ile tepu nyeupe ya dukani ni ya mafundi wenye haraka ya kwenda kula.

Ila tusimvishe kilemba cha ukoka, kasoro alikuwa nayo. Hakutumia futi hata siku moja. Koki za bafuni alizipima kwa kifua chake, na Mungu alimjalia urefu. Sisi wafupi tumeoga miaka yote mikono juu, kama wanafunzi wanaoomba ruhusa ya kutoka darasani.

Mwaka 2013 mama yangu, Bi Mwajabu, alipatwa na kiharusi, nikamchukua kutoka Korogwe tuishi wote nyumba namba nne. Mkono wa kulia haukushika kitu tena. Kilichomuumiza zaidi ni kuogeshwa na mwanawe kama kichanga. Akagoma kula, akataka nimrudishe kwao akafie huko. Nilimweleza Fundi. Bafu letu lilikuwa na mabomba ya chuma yaliyooza, yanatoa maji ya kutu. Akayang'oa yote, akavuta mabomba mapya na kufunga koki mpya inayong'aa. Mama akaketi kwenye kigoda chake, akanyoosha mkono wa kushoto. Haukufika. Alilia, nami nikalia.

Fundi hakujitetea. Alivua viatu, akaketi kwenye kigoda kilekile, akauficha mkono wa kulia mgongoni na kupima upya kwa wa kushoto. Kisha akabomoa saruji yake mwenyewe, mbichi bado. Koki mpya akaiweka kando. Kwenye kreti lake akachagua kuukuu moja yenye mkono mrefu, aina ile ambayo madaktari huifungua kwa kiwiko. Kesho yake ilitosha kuisukuma tu. Mama akaingia, akafunga mlango, nikabaki nje nasikiliza maji yakimwagika. Jamani, nilifurahi mno! Jioni aliomba ugali.

Tangu siku hiyo, Fundi hafungi koki bila kuuliza kwanza nani anaoga humo.

Fundi Melkiadi, asante kwa mikono yako na kwa kukubali kubomoa ulichojenga. Nenda salama kwenu Murungu. Migomba yako istawi, magoti yapumzike, na atakayekuita Jumapili kwa bomba lililopasuka, mwambie umestaafu. Najua hutamwambia.

Nanyi wageni wetu, yule mama wa kanga nyekundu aliyeketi mstari wa mbele ndiye Bi Mwajabu. Leo asubuhi ameoga mwenyewe.

Rabia, muuguzi, nyumba namba nne